Mponyaji wa Kikosi cha Jumapili

Jumapili, 5 Juni

Misa ya kwanza, chai, kisha kazini, kafe ya intaneti. Nimefungua mlango nusu ili wateja wajue leo si siku yao. Mzee Massawe, mwenye kafe, anaturuhusu kucheza Jumapili mchana, mradi nifute vumbi kompyuta zote na niache kila kitu kama nilivyokikuta. Rashidi alishafika. Robota lake la mitumba chini ya meza, viatu kavua.

Sasa tuko wawili tu hapa Morogoro. Ernest tangu ahamie Dar anaingia kwenye mchezo kutokea huko, kwenye kafe iliyo karibu na ofisi yao. Anafunga minara ya simu. Kila kampuni inataka minara na yeye haogopi kupanda. Mashine yake aliyokuwa anakalia haina mtu. Nimeifuta vumbi mara mbili.

Tumecheza vizuri. Ernest mbele na ngao, anapigwa yeye ili sisi tusipigwe. Rashidi na upinde. Mimi mponyaji, nyuma kabisa. Tulipoanza mwaka jana wote walitaka kuua, hakuna aliyetaka kuponya. Nikasema basi nitaponya mimi. Nilidhani ndiyo kazi rahisi.

Si rahisi. Jitu lenyewe silitazami. Rashidi anasema la leo lilikuwa na pembe, mimi sijui. Macho yangu yako kwenye mistari ya uhai pembeni mwa skrini. Ukiponya mapema umepoteza nguvu bure. Ukichelewa mtu amekufa. Inabidi umjue mtu. Rashidi akitishika anakimbia, namfuata. Ernest hakimbii. Mstari wake unashuka mpaka unabaki uzi, naye anasimama palepale, kwa sababu anajua nitafika. Hanywi hata chupa za dawa alizobeba. Ananisubiri mimi.

Leo alisimama hivyo mara nyingi. Baada ya kila pambano anaandika neno moja: Mpenzi. Rashidi anajifanya hajaona.

Nimerudi kwa shangazi, Mafiga, kwa miguu, nina furaha ya kijinga.

Jumatano, 8 Juni

Wateja wengi. Wanachuo wa kilimo wanatuma maombi ya kwenda kusoma nje, kila mmoja anataka nimfungulie barua pepe. Mama ameniletea ndizi na pilipili manga kwa lori litokalo kijijini kwetu, Matombo. Utingo kanipa na salamu: mjomba ameshaongea na Padre. Ndoa yangu na Ernest itaanza kutangazwa kanisani Jumapili ya kwanza ya Agosti. Mjomba ndiye aliyepokea posa mwezi wa pili, na kwetu mjomba akishasema, limesemwa.

Nimemtumia Ernest meseji. Hajajibu. Labda yuko juu ya mnara.

Jumapili, 19 Juni

Jambo dogo sana. Ernest amekunywa dawa.

Tulikuwa kwenye lile pango lenye maji. Mstari wake ulishuka, nikaanza kumponya, na kabla sijamaliza ukapanda wenyewe. Chupa. Nikadhani amebonyeza kwa bahati mbaya. Akanywa tena. Pambano zima hakunisubiri hata mara moja. Nguvu zangu zilibaki zimejaa, kama mtu aliyepika na wageni hawakuja.

Rashidi kasema ni mtandao. Dar mtandao unakimbia, wetu unajikokota. Labda.

Jumatatu, 27 Juni

Ernest kapiga simu. Nimemuuliza habari ya chupa, akacheka. Kasema hawezi kuweka roho yake kwenye mtandao wa Morogoro. Ni kweli, ukitazama. Mimi mwenyewe tangu aondoke naponya pumzi moja kabla, kwa sababu ninachokiona kwenye skrini yangu kwake kimeshapita. Nimejifunza kubonyeza kabla hajapigwa. Namjua hivyo. Jitu likiinua mkono, yeye kabla ya kukinga husogea hatua moja kulia. Akisogea tu, mimi nimeshabonyeza.

Sikumwambia hayo. Nimeona ni aibu kumweleza mtu unavyomlinda.

Hakuuliza habari ya Padre. Nimemkumbusha mimi. Kasema, "Sawa sawa, tutaangalia."

Tutaangalia nini?

Jumapili, 3 Julai

Baridi. Ukungu umefunika milima hadi chini. Mtandao umekatika tangu asubuhi, hatujacheza. Nimekaa kaunta na Rashidi tunakula mihogo. Kaniambia keshokutwa anakwenda Dar, Kariakoo, kufungua robota jipya. Nikampa ampelekee Ernest shati lake alilosahau kwa shangazi, nimelifua na kulipiga pasi. Kalipokea taratibu mno.

Jumapili, 10 Julai

Tuna mponyaji wa pili. Ernest kamleta. Anaitwa Joyce, wanafanya kazi pamoja ofisini, yeye yuko mapokezi. Ernest anasema pango la mwisho haliwezekani na mponyaji mmoja. Hilo ni kweli, kila mtu anayecheza analijua. 

Joyce hajui kitu. Anaponya kila mtu kila wakati, hata asiyeumia. Kabla jitu halijafika nusu ameshaishiwa. Nimemwandikia: tulia, usimtazame adui, tazama mistari yetu, hesabu pumzi kabla ya kubonyeza. Kanijibu kwa adabu. Asante dada. Samahani dada. Mwisho wa mchezo alikuwa ameshaanza kuelewa.

Anajifunza haraka. Ningependa awe mtu wa kuchukiza, lakini si mtu wa kuchukiza.

Rashidi amerudi toka Dar. Hakusema kama alimkuta Ernest. Nilimuuliza habari ya shati, akasema, "Nimefikisha."

Ernest leo hakuandika lile neno lake.

Jumapili, 17 Julai

Naandika nikiwa nimekaa kitandani na viatu.

Leo Ernest hakunywa chupa hata moja.

Tulikuwa ngazi ya juu ya pango la mwisho. Nilitazama mistari kama kawaida, kisha nikafanya kitu ambacho sikifanyi kamwe. Niliinua macho nikamtazama Ernest mwenyewe. Anapigana amegeuka nusu. Kila Joyce akisogea, naye anasogea, asitoke mahali ambapo uponyaji wa Joyce unaweza kumfikia. Mimi nilikuwa upande wa pili, peke yangu. Kuna wakati nilikuwa mbali naye kabisa na hakujua.

Halafu mstari wake ukaanza kushuka. Ukashuka hadi uzi. Naye kasimama palepale. Namjua akisimama hivyo. Alikuwa anasubiri.

Joyce alikuwa amechelewa. Ernest angekufa. Nikakimbia katikati ya majitu nikamponya mimi. Mstari ukapanda wote.

Akaandika mbele yetu sote: Asante Joy. Mpenzi.

Joyce hakusema kwamba si yeye. Labda naye alidhani ni yeye.

Rashidi kazima mashine yake bila kuaga mchezo. Kaniangalia, nikamwambia nimechoka, tufunge.

Jumanne, 19 Julai

Leo mchana kafe ilipokuwa tupu nimemfuata Rashidi kibandani kwake, sokoni. Alikuwa anatundika makoti. Nimemuuliza bila kuzunguka kama alimwona Ernest na Joyce Dar. Akaendelea kutundika koti moja ambalo lilishatundikwa.

"Skola, mimi nilidhani umeshajua," kasema. "Kufua shati lile nilidhani ndiyo namna yako ya kuaga."

Basi akanieleza. Alikwenda kulipeleka shati nyumbani kwa Ernest, Joyce ndiye aliyefungua mlango. Kapika. Kamkaribisha Rashidi, akakaa kula. Kasema chakula hakikupita. Nimemwamini. Ni mtu wa kula, akisema hakikupita basi hakikupita.

Nilitaka kumkasirikia kwa kuninyamazia. Sikuweza. Alikuwa anakaribia kulia yeye, mbele ya wateja wake.

Ijumaa, 22 Julai

Nimempigia Ernest kwa simu ya kafe. Sikutaka aone namba yangu halafu aache iite.

Alikana kidogo, kisha akaacha kukana. Kasema hakupanga. Kasema Dar ni upweke, watu hawasalimiani, unarudi chumbani hakuna hata wa kukuuliza umeshindaje. Kasema mimi ni mtu mzuri sana. Nilimwacha aseme yote.

Nilimuuliza kama Joyce anajua habari zangu. Akaanza kuniuliza hali ya mama. Nikajua Joyce hajui.

Halafu akasema neno ambalo sitalisahau mpaka nazikwa. Akasema, "Lakini Jumapili usituangushe. Tumebakiza jitu la mwisho, na bila wewe hatuliwezi."

Nikakata simu. Mteja wa mashine ya tatu kaniita printa imekwama. Nikaenda nikaikwamua. 

Namchukia. Nimeandika hivi ili nione kama ni kweli. Si kweli.

Jumapili, 24 Julai

Nimekwenda. Sijui kwa nini nimekwenda. Rashidi aliniambia tusiwashe hata mashine, twende tukanywe soda Nunge. Nikamwambia washa.

Nimeponya. Sijawahi kuponya kama leo. Lile jitu lina hasira tatu, kila hasira linachagua mtu mmoja. Ya kwanza ikaenda kwa Rashidi. Nikamshika, akapona. Ya pili ikaenda kwa Ernest, na alikuwa amegeuka nusu tena, anamlinda Joyce, hajakinga vizuri. Kidole changu kilikuwa juu ya kibodi. Nilijua kabisa kwamba nikiacha pumzi mbili tu, atakufa, na kila mtu atasema ni mtandao wa Morogoro.

Sikuacha. Kwa kweli hata sikuchagua. Kidole kilibonyeza chenyewe, ndivyo kilivyozoea.

Ya tatu ikaenda kwa Joyce. Akachanganyikiwa, akakimbilia ukutani. Hapo ndipo wageni hufa. Nikasimama mbele yake nikampa nguvu zangu zote zilizobaki, na mstari wangu mwenyewe ukawa umebaki uzi. Hakuna aliyeuona. Rashidi akapiga mshale wa mwisho. Jitu likaanguka. Rashidi hakushangilia.

Ernest akaandika maneno mengi ya furaha. Joyce akaniandikia mimi peke yangu, pembeni. Dada Skola umeniokoa. Ernest huwa anakusifu, anasema wewe ni kama dada yake wa tumbo moja. Ukija Dar ufikie kwetu.

Kwetu.

 Kisha nikamjibu: Mimi ni mchumba wake. Mjomba wangu alipokea posa mwezi wa pili. Ndoa inaanza kutangazwa Agosti. Nilidhani unajua, sasa nimejua hujui.

Yule mtu wake mdogo kwenye skrini alisimama kimya, na gauni lake jeupe linapepea kama yanavyopepea ya wote. Kisha akatoweka. Ernest akaandika: Joy? Joy mtandao umekata?

Nikazima mashine. Nimemwambia mwanamke mwenzangu ukweli na sijisikii vizuri hata kidogo.

Jumatano, 27 Julai

Ernest kapiga. Kwanza alikuja na ukali, eti nimemharibia. Joyce amehamisha vitu vyake na ofisini hamsemeshi. Kisha ukali ukaisha. Akalia. Sijawahi kumsikia analia.

Kasema tuendelee. Kasema yaliyopita yamepita, mjomba hajui, mama hajui, Padre hajui. Agosti si hii hapa. Atakuja Matombo mwenyewe na wazee wake.

 Nimesema nitampigia.

Aibu yangu ni hii: moyo uliruka. Baada ya yote yale moyo uliruka kama simu ikibipu. Nimepanga kichwani nitavaa nini. Kisha nimekwenda nyuma ya nyumba, bombani kwa shangazi, nikanawa uso, nikanawa tena.

Ijumaa, 29 Julai

Shangazi anajua kuna kitu. Hali chakula changu tena kwa sababu anasema natia chumvi bila kuonja.

Ernest anatuma meseji kila asubuhi. Umeamkaje. Leo niko Kibaha. Leo niko Chalinze, mnara mrefu, nakuwaza. Zamani ningezihifadhi.

Nimemuuliza Rashidi angefanya nini. Kasema yeye si mwanamke na si Mkristo, lakini kuna kitu kimoja amekiona kwenye mchezo tangu mwanzo na hakuwahi kukisema. Ernest hajawahi kuniuliza nimebakiza nguvu kiasi gani. Anaingia tu. Yeye Rashidi huuliza, kila mara. Nikamwambia ni kweli, unauliza, unakera. Tukacheka kidogo. Ndiyo mara ya kwanza wiki hii.

Jumapili, 31 Julai

Hatukucheza. Nilikwenda kafe, nikafuta vumbi, nikakaa kaunta. Gari la kampeni limepita na vipaza sauti, watoto wanakimbia nyuma.

Nikampigia Ernest. Nilitaka nimsikie kwanza. Nikamwambia nimeumia. Nilisema hivyo tu, neno moja, nikangoja. Akasema, "Najua, lakini wewe huwa hukasiriki muda mrefu. Ndiyo maana nilikuchagua."

Nikangoja tena. Nilingoja kweli. Kwa upande wake kulikuwa na kelele za magari, na mtu anamwita.

Nikamwambia asije Matombo. Akadhani namwambia asije wiki hii. Ikabidi niseme tena, kwa maneno yaliyonyooka, kwamba hakuna ndoa.

Nimelia mbele ya mashine tisa zilizozimwa.

Jumamosi, 6 Agosti

Matombo. Nimepanda lori la ndizi linalorudi tupu. Barabara imeoza, vumbi mpaka kwenye meno. Kila mwanamke niliyempita kuanzia misheni hadi nyumbani amenipongeza. Shikamoo mama. Marahaba, bibi harusi.

Mjomba aliitwa. Nimewaambia yeye na mama, ndani, mlango umefungwa. Sikusema habari za mchezo, wangenielewa vibaya. Nimesema tu kwamba Ernest aliishi na mwanamke mwingine Dar, kwamba anataka turudiane, kwamba nimekataa.

Mjomba akauliza nani mwingine anajua. Kisha akavaa koti akaenda kwa Padre kabla giza halijaingia. Hakunilaumu. Alivyofunga vifungo vya koti niliona amezeeka.

Mama ndiye aliyeniumiza. Nilidhani atanishika. Akasema, "Angalau yeye alikuwa anataka kurudi. Baba yako hakutaka. Ungevumilia."

Kisha akaenda jikoni na hajanisemesha tena. Namsikia anakatakata kuni ambazo zilishakatwa.

Sikujua mpaka leo kwamba alikuwa anamngoja baba miaka yote hii.

Jumapili, 7 Agosti

Tumekwenda misa. Mama mbele, mimi nyuma, hatujasemezana njia nzima. Padre alisoma matangazo ya ndoa. Majina ya wengine. Jozi tatu. Niliyasikiliza yote mpaka mwisho, na watu wakageuka kunitazama, na mimi nikatazama shingo ya mama. Haikugeuka.

Mchana hakuna aliyekuja kututembelea. Habari imeshafika.

Jioni hii mama ametandika mkeka uani, tumekaa tunachambua pilipili manga, nyeusi huku, zilizopooza huku. Milima mitulivu. Kwa jirani mtu anapiga redio. Tukachambua muda mrefu. Kisha mama akaniuliza, bila kuinua kichwa, kama ni kweli alivyosikia kwa shangazi, kwamba kila Jumapili nilikuwa nashinda kafe nacheza na kompyuta. Nikasema ni kweli.

Akauliza kazi yangu kwenye huo mchezo ilikuwa nini.

Nikamweleza. Kwamba wengine wanapigana, na mimi nasimama nyuma nawatazama, anayekaribia kufa namponya, anaendelea. Kwamba nilikuwa naijua sana kazi hiyo. Kwamba hakuna aliyekufa mikononi mwangu mwaka mzima isipokuwa kwa umeme kukatika.

Mama akafikiri. Akapepeta ungo, akapuliza makapi.

"Na walikuwa wanakulipa?"

Nikasema hapana, mama.

Nilianza kucheka, kisha ikawa si kicheko.  Mama akasimama, akaushika mkeka kwa pembe moja, nami nikaushika kwa nyingine, tukausogeza kwenye jua lililobaki.